Likizo ya Desemba jikoni: juisi, barafu na kashata za kutengeneza na watoto

Shule zikifungwa Desemba, wiki haiishi watoto wameshamaliza katuni, wameshagombania rimoti, na mlango wa friji haufungwi. Nje jua la Dar linawaka, gengeni maembe yamepangwa mafungu kwa mafungu. Huo ndio wakati wa kuwaingiza jikoni.

Nasema kuwaingiza kwa maana ya kufanya kazi, si kuchezea unga pembeni wakati mkubwa anapika. Mtoto anatambua upesi sana kazi ya danganya toto. Mpe kijiko akoroge maji matupu, baada ya dakika tano humwoni. Lakini mwambie ukwaju wa wageni wa jioni unamngoja yeye aukamue, na asipoukamua hakuna juisi, utamkuta ameshakunja mikono ya shati. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata mikono ya watoto. Tunaanza na vinywaji ambavyo mtoto anaweza kuvifikisha mwisho karibu peke yake, tunakuja kwenye vya kuchemsha, tunamalizia na vitamu vya sukari ya moto, ambavyo mtoto ana kazi nyingi kabla na baada, ila katikati anakaa mbali.

Maji, moto na vitu vinavyokaba

Maji ya juisi yachemshwe, yawe ya bomba, ya kisima au ya boza. Yachemke mpaka yatokote kweli, yafunikwe, yapoe ndani ya sufuria ileile. Fanya hivyo usiku, asubuhi unayakuta tayari. Na barafu nayo ni maji: hakuna maana ya kuchemsha maji ya juisi halafu ukatumbukiza mabonge ya barafu yaliyogandishwa kwa maji ambayo hujui yametoka wapi.

Nyumba nyingi hapa jiko liko chini, la mkaa au mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake, yaani sufuria inayochemka iko usawa wa kifua cha mtoto wa miaka mitatu. Chukua chaki, chora mstari sakafuni hatua mbili kubwa kutoka kwenye jiko. Ndani ya mstari ni mkubwa peke yake mpaka moto uzimwe. Watoto wanauheshimu mstari kuliko kelele, na wale wakubwa watawalinda wadogo kwa ukali kukushinda wewe. Sufuria zetu hazina mikono, tunaziepua kwa matambara, basi tambara liwe fupi na kavu. Kanga inayoning'inia ncha inashika moto, na tambara bichi linapitisha joto mara moja mpaka kiganjani. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani madirisha yamefungwa, hata mvua za vuli zikiwa zinapiga.

Visu: kuanzia miaka saba hivi mtoto anaweza kukata embe lililokwisha menywa kwa kisu kidogo, juu ya kibao, wewe ukiwa umekaa ubavuni kwake. Mbuzi ya nazi ingoje mpaka afike miaka tisa au kumi, kwa sababu lile jino halichagui nazi na kidole.

Jambo la mwisho hapa ni kukabwa. Karanga nzima na mbegu za ubuyu si za mtoto aliye chini ya miaka mitano. Na kama kuna mtoto mchanga ambaye hajafikisha mwaka, asali isimpite mdomoni, hata ya kuonja kwenye kidole. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado halina uwezo wa kuvizuia.

Kwenda sokoni ni nusu ya kazi

Nenda nao. Si wote, wawili wanatosha, kila mmoja na kikapu chake. Asubuhi mapema Buguruni, Ilala au Mabibo utapata matunda kwa bei ya chini kuliko genge la mtaani, ila genge nalo lina faida yake: muuzaji anakujua, na ukimwambia unataka maembe ya kula leo mawili na ya kesho kutwa manne, atakuchagulia.

Desemba msimu ni wa maembe na mananasi. Kwa juisi tafuta dodo au bolibo, yana nyama nyingi na nyuzi chache. Mananasi mengi ya Dar yanatoka Kiwangwa, upande wa Bagamoyo. Mfundishe mtoto kunusa kitako cha nanasi: likinukia utamu limeiva, likinukia pombe limepitiliza, lisiponukia kabisa lirudishe. Machungwa ya Muheza yasubiri likizo ya Juni, wakati huo ndiyo yanajaa na kushuka bei.

Vikavu havina shida ya msimu. Ukwaju, ubuyu na rozela vinapatikana mwaka mzima. Ubuyu mwingi unatoka bara kwenye ukame, Dodoma na Singida. Ukwaju ununue ule wa kahawia unaovutika ukiubonyeza. Uliokauka kama gome umekaa muda mrefu na utatoa maji kidogo. Rozela iwe nyekundu ya kuiva, isiwe imepauka wala kuwa na vumbi jeupe.

Juisi ya ukwaju

Nianze na hii kwa sababu hakuna kazi ya jikoni inayomfaa mtoto wa miaka minne mpaka sita kama kukamua ukwaju. Haikati, haichomi, inachafua mikono kwa ruhusa.

Kwa lita mbili za juisi chukua robo kilo ya ukwaju wenye mbegu, sukari kikombe kimoja au pungufu, na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba. Usitumie sufuria ya aluminiamu kuloweka wala kuhifadhi. Ukwaju ni mkali, unakula bati na kuacha ladha ya chuma. Beseni la plastiki safi, bakuli la kioo au sufuria ya stili ndiyo yenyewe.

Mtoto auvunje ukwaju vipande vipande na kutoa maganda na vijiti. Wewe mimina lita moja ya maji ya moto, funika, ondoka. Baada ya nusu saa au zaidi, maji yakiwa ya uvuguvugu tu, mtoto anawe mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, aanze kazi. Anashika bonge, analiminya, analisugua katikati ya vidole mpaka nyama iachane na mbegu. Mwanzoni maji ni kama chai ya rangi. Baada ya dakika chache yanakuwa mazito, ya rangi ya udongo, na mbegu zinaanza kuchomoka zenyewe, nyeusi, zinang'aa. Hapo ndipo maswali yanapoanza.

"Bibi, hii ni mbegu au ni ukwaju?"

"Ikiteleza ni mbegu, ikinata ni ukwaju. Endelea."

Chuja kwa chujio la chai au kwa kitambaa chepesi. Makapi yaliyobaki yatie maji kidogo, yakamuliwe tena, maana mkamuo wa pili bado una ladha nyingi na wengi wanautupa. Ongeza maji ya kuchemshwa yaliyopoa mpaka lita mbili. Tangawizi itwangwe kwenye kinu kidogo, ichanganywe na maji robo kikombe, ichujwe ndani. Sukari tia nusu kwanza, koroga, onjeni wote, halafu kila mtoto atoe hukumu yake kabla hujaongeza. Utashangaa: aliyekamua mwenyewe mara nyingi anakubali sukari pungufu, ila yule aliyekuja baadaye ndiye anayekunja uso.

Kwenye friji inakaa siku mbili mpaka tatu. Nje ya friji, kwa joto la Desemba, ukiona mapovu juu imeanza kuchacha. Imwage.

Juisi ya ubuyu, na dawa ya mabonge

Unga wa ubuyu ukiutia kwenye maji moja kwa moja unafanya mabonge ambayo hata blenda inahangaika nayo. Dawa yake ni nyepesi. Kikombe kimoja cha unga changanya na nusu kikombe cha sukari vikiwa vikavu, mtoto akoroge kwa uma mpaka visitofautike, ndipo mtie maji kidogo kidogo huku anakoroga, mpaka lita moja na nusu. Sukari inazitenganisha chembe za unga zisishikane kabla hazijalowana. Chuja ukipenda, mimi sichuji.

Kama mna ubuyu wa mbegu, lowekeni katika maji ya uvuguvugu dakika 20, halafu zisuguliwe kama ukwaju. Tafadhali usichemshe. Ubuyu unasifika kwa vitamini C, na vitamini C haipatani na moto. Iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai inatosha, na maziwa kidogo kwa wanaopenda, ila yatiwe kwenye glasi wakati wa kunywa. Yakikaa na ukali wa ubuyu yanaganda.

Rozela na mchezo wa rangi

Hii inahitaji moto, kwa hiyo mkubwa anachemsha. Kikombe kimoja na nusu cha rozela kavu, suuza haraka upesi kutoa mchanga, tia kwenye lita mbili za maji yanayochemka pamoja na kijiti cha mdalasini, dakika kumi, zima, funika mpaka ipoe. Sufuria isiwe ya aluminiamu hapa pia. Chuja, tenga kidogo ya mchezo, iliyobaki itie sukari robo tatu ya kikombe na ndimu moja. Imekwisha.

Kilichobaki ni mchezo, na ndio unaowafanya wakubwa wa miaka minane mpaka kumi na miwili wasahau simu. Weka rozela isiyo na ndimu wala sukari kwenye glasi tatu. Ya kwanza iache ilivyo. Ya pili itie ndimu: wekundu unawaka. Ya tatu itie magadi kidogo au soda ya kuokea, ncha ya kijiko tu: rangi inageuka zambarau, ukizidisha inaelekea bluu na kijani. Halafu waambie wairudishe nyekundu. Waache wahangaike kidogo kabla hujawapa ndimu. Rangi ya rozela inabadilika kufuata ukali wa maji, na mtoto aliyeliona hilo jikoni hatakuwa mgeni siku mwalimu wa sayansi atakapozungumzia asidi na besi. Glasi ya magadi inamwagwa, hainywewi.

Usitupe rozela iliyobaki kwenye chujio, tutaihitaji kwenye ubuyu wa kupika.

Maembe: juisi nzito na barafu za vikombe

Mtoto aoshe maembe kwa maji mengi, hasa pale kikonyo kilipokuwa. Utomvu wa embe unawasha, na baadhi ya watoto wanatoka vipele pembeni mwa mdomo wakilibwia na maganda. Menya wewe, wao wakate. Kokwa ziwe mshahara wa wakataji, hakuna atakayelalamika.

Maembe matatu makubwa kwa lita moja ya maji, saga, kamulia ndimu moja. Dodo lililoiva sawasawa halihitaji sukari, na ukiitia kabla ya kuonja umelidharau. Umeme ukiwa umekatika, ponda kwa mchi ndani ya bakuli halafu sukuma kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko. Inachukua muda, na muda ndio tunaoutafuta.

Barafu ni hivi. Vikombe viwili vya embe lililosagwa bila maji, nusu kikombe cha mtindi au maji, sukari vijiko vikubwa viwili. Hapa sukari ina kazi mbili. Ubaridi unapunguza utamu ulimini, kwa hiyo kitu cha kugandisha lazima kikolee kuliko juisi. Na sukari inazuia maji yasigande kuwa jiwe, ndiyo maana barafu isiyo na sukari inagoma kung'atika. Mimina kwenye vikombe vidogo vya plastiki, acha nafasi ya kidole juu maana kikiganda kinapanda, ziba kwa karatasi ya foili, choma kijiti katikati. Foili inakishikilia kisilale. Zilaze kwenye friza usiku kucha. Kuzitoa, zungusha kikombe ndani ya maji ya kawaida kwa sekunde chache, usivute kwa nguvu.

Mkitaka barafu ya ukwaju kama ile ya getini shuleni, chukua juisi yenu ya ukwaju kabla hamjaongeza maji yote, tieni sukari mpaka iwe tamu kupita kiasi cha kunywa, chumvi kidogo mno, na pilipili ya unga kwa wanaojiamini. Umeme ukikatika usiku msifungue friza kuchungulia. Friza iliyojaa na kufungwa inahimili saa nyingi. Ila zikishayeyuka zikawa maji ya uvuguvugu, msizigandishe tena.

Maganda ya nanasi

Nanasi lenyewe liwe la kula. Ukitaka kulisaga na maziwa mnywe papo hapo, kwa sababu nanasi lisilopikwa lina kitu kinachovunja protini ya maziwa, na baada ya nusu saa kinywaji kinakuwa kichungu.

Maganda ndiyo bidhaa. Kabla ya kumenya, mtoto alisugue nanasi zima kwa brashi safi chini ya bomba, kila kijitundu. Maganda na ule moyo mgumu vitie kwenye sufuria na lita mbili za maji, tangawizi iliyotwangwa, karafuu nne. Chemsha nusu saa, chuja, sukari kidogo. Kinywaji hiki kikiwa cha moto kinafaa kwa kifua, kikiwa cha baridi kinafaa kwa adhuhuri, na gharama yake karibu ni bure.

Kashata za nazi

Sasa tumefika kwenye sukari ya moto, na hapa naomba umakini. Maji yanayochemka ni nyuzi 100. Sukari ya kashata inafika nyuzi 115 na zaidi, halafu inanata, haidondoki kama maji. Ikimwangukia mtoto, peleka sehemu iliyoungua kwenye maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si mafuta, si yai, si barafu. Ikiwa ni usoni, kiganjani, au pana kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, ni hospitali.

Mahitaji: nazi mbili zilizokomaa, ambazo zitakupa kama vikombe vitatu vya nazi iliyokunwa, sukari vikombe viwili, maji nusu kikombe, iliki kijiko kimoja cha chai, samli kidogo ya kupaka sinia. Rangi ni hiari.

Mtoto mkubwa anakuna. Asifikie kwenye kifuu, maana ule weusi unaingia na kashata zinatoka za kijivu. Mdogo anamenya iliki na kutwanga mbegu zake, mwingine anapaka sinia samli mpaka pembeni kabisa. Kila kitu kiwe tayari na karibu kabla jiko halijawashwa, kwa sababu sukari haisubiri mtu aende kutafuta sinia.

Mkubwa sasa aingie ndani ya mstari. Sukari na maji kwenye sufuria nzito, moto wa kati, koroga mpaka sukari iyeyuke, halafu acha ichemke. Mapovu mwanzoni ni madogo na ya haraka, baadaye yanakuwa makubwa, mazito, yanapasuka kwa uvivu. Hapo jaribu: dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi, na kikombe hicho mpe mtoto aliye nje ya mstari. Likitawanyika, bado. Likizama na kukaa kama kidonge laini kinachobonyea, tayari. Kazi ya kupima ni yake, na neno lake ndilo linalofuatwa.

Tia nazi yote na iliki, punguza moto, koroga bila kuacha. Mwanzoni italegea, kwa kuwa nazi imeleta maji yake. Baada ya dakika kumi hivi itaanza kushikamana na kuachia pembe za sufuria, na mwiko utakuwa mzito. Endelea kidogo mpaka uone weupe wa sukari unaanza kukauka pembeni. Epua, mwaga kwenye sinia, tandaza kwa mgongo wa kijiko kilichopakwa samli, unene wa kidole.

Iache dakika tano. Chora mistari ya kukata ingali ya moto kiasi, usingoje ipoe, itavunjika ovyo. Ikishakuwa ya vuguvugu, mtoto apitishe kisu butu kwenye mistari ileile. Mtindo wa almasi ndio wetu wa Pwani, na vile vipande vya pembeni visivyo na umbo ni vya wapishi, hiyo ni sheria.

Usitie ndimu. Ndimu inaizuia sukari isirudi kuwa chembe, na kashata inataka sukari irudi kuwa chembe ili ikauke. Shira ya kaimati ndiyo inayotiwa ndimu, kwa sababu ile tunataka ibaki laini. Ukishalijua hilo moja hutasumbuka na kashata zinazonata.

Za karanga, kwa kifupi

Kazi kubwa ya kashata za karanga ni kuchagua karanga, na ni ya watoto. Wamwage kwenye ungo, watoe kila iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi. Sumu ya ukungu wa karanga haiishi kwa kukaanga, kwa hiyo inayotiliwa shaka inatupwa, hata kuku asipewe. Zikaange, zipoe, wazisugue mikononi na kupuliza maganda nje uani, si ndani.

Kisha mkubwa anayeyusha kikombe kimoja cha sukari kikavu, bila maji, moto mdogo, mpaka iwe ya rangi ya asali, anatia vikombe viwili vya karanga na chumvi kidogo, anageuza mara tatu nne na kumwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta. Sukari hii ni ya moto kupita ile ya nazi, na inaganda kwa dakika moja. Kata upesi. Watoto wawe chumba kingine kama hawajui kutulia.

Ubuyu wa kupika bila rangi ya dukani

Nusu kilo ya ubuyu wa mbegu, watoto wauchekeche kwenye chujio juu ya bakuli mpaka unga mwingi ushuke. Ile rozela uliyoibakiza, ichemshe tena na vikombe viwili vya maji mpaka kibaki kikombe kimoja chekundu sana. Hayo ndiyo maji yako ya kupikia, na ukali wa ubuyu unausaidia wekundu ukae. Hautawaka kama ule wa mifuko ya dukani, utakuwa wa kuiva kama divai, na kwa macho yangu unapendeza zaidi.

Chemsha kikombe hicho na sukari vikombe viwili, chumvi nusu kijiko cha chai, pilipili manga kiasi, mpaka viwe vizito kidogo. Tia ule unga mliouchekecha, koroga uwe kama uji mzito. Mwaga mbegu zote, geuza mpaka kila moja ivae nguo, iliki na vanila mwishoni, epua. Uanike kwenye sinia, mara kwa mara mtoto autenganishe kwa uma. Kufikia jioni umekauka vya kutosha kufungwa.

Visheti kama mkono bado una hamu

Unga wa ngano vikombe viwili, samli ya moto vijiko vikubwa vitatu, iliki, na tui au maziwa kiasi cha kushika donge gumu kidogo. Watoto wachukue vipande vya ukubwa wa zabibu, wavikandamize mgongoni mwa uma au kwenye upande butu wa kikuno cha karoti, wavikunje. Hata wa miaka mitatu anaweza, na visheti vyake vitakuwa na sura za ajabu. Mviweke. Mkubwa akaange kwa moto wa kati mpaka viwe rangi ya dhahabu, achemshe shira ya sukari kikombe kimoja na maji nusu kikombe mpaka ivute uzi, avimwagie na kugeuza haraka hadi sukari iwe nyeupe juu yake. Ndimu hapa pia hapana. Kwa Ramadhani na Idi, ambazo kila mwaka zinarudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja, visheti vinaweza kupikwa wiki nzima kabla.

Kuhifadhi

Unyevu wa Dar wa Desemba unaifanya kashata itoe jasho ndani ya siku moja ikiachwa wazi. Kila kitu kipoe kabisa kwanza, kisha kiingie kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, na karatasi kati ya tabaka na tabaka. Kashata za nazi ziliwe ndani ya siku nne au tano, nazi inachina. Za karanga, ubuyu na visheti vinafika wiki mbili, kama watoto wataruhusu. Sisimizi watakuja tu. Weka kopo katikati ya sahani pana yenye maji, lisiguse ukuta, na ubadilishe maji kila asubuhi. Hiyo nayo ni kazi ya mtoto.